Sekunde 30 ni nyingi mno

Ndugu, umeuliza kwa nini picha zako za alfajiri pale Coco Beach, Dar es Salaam, zinaonyesha bahari kama ukungu mtupu, bila umbo. Ni hizo sekunde 30 unazoacha shata ya kamera wazi. Kwa muda huo mawimbi kadhaa yanapita na kufutana. Shusha hadi nusu sekunde au sekunde 2, ISO 100 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), f/11 (ukubwa wa tundu la lenzi), kisha usibonyeze wimbi linapogonga. Subiri lianze kurudi. Yale maji yanayochuruzika kutoka kwenye mwamba wa matumbawe ndiyo yanayochora mistari myeupe unayoitafuta. Piga hata mara 40 mahali pamoja, maana hakuna wimbi linalofanana na jingine.

Kabla jua halijatoka huhitaji kichujio cheusi, kile kioo cha kupunguza mwanga kinachofungwa mbele ya lenzi. Likishachomoza, kile cha stopu 6 (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu) kinapunguza mwanga mara 64, kwa hiyo 1/60 ya sekunde inakuwa takribani sekunde 1. Fokasi kwanza, zima otofokasi, ndipo ukifunge kichujio. Na lenzi uifute kila baada ya picha chache, chumvi ile haionekani mpaka ufike nyumbani.

Angalia jedwali la maji kujaa na kupwa kabla ya kutoka, tafadhali sana. Siku za bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, Dar yanaweza kupanda zaidi ya mita 3, na mwamba uliosimama juu yake ukiwa mkavu unaweza kuzungukwa ukiwa bado umeinamia kamera. Mimi huenda maji yakiwa yanatoka, si yanapoingia.