Pilau masala kuwa chungu

Dada, umesema pilau masala unayosaga mwenyewe inatoka chungu, na ya dukani haina harufu. Kwa huo uchungu, mimi nashuku kikaango. Binzari nyembamba ikaange kavu, moto mdogo, dakika 2 hivi; ikianza tu kunukia, imwage kwenye sinia papo hapo, maana ukiiacha kwenye chuma cha moto inaendelea kuungua. Na karafuu usichote kwa kiganja jamani! Kwa vijiko 4 vya binzari, punje 8 zinatosha, pilipili manga kijiko 1, iliki 10, mdalasini urefu wa kidole. Saga vikishapoa. Ukienda Kariakoo nunua viungo vizima, kidogo kidogo. Kwa joto la Dar, vya unga vinapoteza harufu upesi.