VAT na fundi wa makochi

Ninashona makochi na matandiko ya mahoteli hapa Malindi, na kila anayenijia kuuliza kuhusu VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 juu ya bei, namwambia kwanza afungue akaunti ya pili benki. Ile asilimia 16 ikikaa pamoja na pesa za mauzo, utaila. Tena utaila bila kujua.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Nikinunua sponji na kitambaa cha shilingi 100,000, muuzaji ananitoza 116,000. Makochi nikiyauza 180,000, hoteli inanilipa 208,800. Nimekusanya 28,800, natoa 16,000 nilizokwisha kulipa, KRA, yaani Mamlaka ya Mapato ya Kenya, nawapelekea 12,800. Lakini hizo 16,000 huzitoi kwa maneno: sharti risiti ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, yenye PIN yako, yaani namba yako ya mlipa kodi. Duka la bei rahisi lisilotoa risiti hiyo lina hasara yake.

Hoteli ikikwambia, “Bei yetu ni 116,000, VAT humo humo,” usichukue asilimia 16 ya hizo zote ukapata 18,560. Gawa kwa 116, zidisha kwa 16. Kodi ni 16,000 kamili.

Sasa pale panapouma. Kodi haingoji ulipwe. Ankara ikitoka, au mzigo ukishafika, au ukipokea malipo, lolote litakalotangulia, deni lako limeanza, na tarehe 20 ya mwezi unaofuata lazima liwe limelipwa. Nanyi mnaijua Malindi ya mwezi wa tano: mvua, wageni hakuna, meneja anakwambia subiri watalii warudi. Mimi hoteli moja ilinikalia na pesa msimu mzima, na kodi yake niliilipa mfukoni mwangu. Siku hizi mteja wa mkopo nampa mzigo kidogo kidogo, na ankara naiandika siku mzigo unapotoka, si mapema ili kumfurahisha mhasibu wao.

Kujisajili ni lazima mauzo yako yanayotozwa kodi yakifika milioni 5 kwa mwaka. Anayeuza samaki wabichi tu hahusiki hata akiuza zaidi, maana bidhaa yake imesamehewa.

Na mwezi usiouza chochote, ripoti bado ipeleke kwenye iTax, tovuti ya kodi ya KRA, ya sifuri. Kuchelewa faini yake ni 10,000 au asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa.