Mashine iliyokuja kwetu Viwandani haikumfukuza mtu

Mdogo wangu, umesema kiwandani kwenu yameletwa masanduku makubwa ya mbao, yamefunikwa turubai, na fomeni hataki kusema ndani mna nini. Unauliza kama uache kufunga biskuti sasa hivi uchukue pikipiki ya mkopo, au ungoje uone. Waliokujibu kabla yangu wamekutuliza kwamba roboti haziwezi kuingia Nairobi kwa sababu mikono yetu ni ya bei rahisi mno. Hata mimi niliamini hivyo kwa miaka saba, kwa hiyo acha nikueleze ilivyokuwa upande wetu.

Nilianza kibarua 2014 kwenye kiwanda cha peremende, upande wa Lunga Lunga. Wengi tulitoka mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa miguu. Saa kumi na mbili kasoro tuko getini, fomeni anatoka ananyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe wa sweta nyekundu. Asiyenyooshewa anarudi nyumbani. Ukumbi wa kufungia ulikuwa na watu 24 kwa shifti, karibu wote akina mama. Kila mfuko uliingia peremende 50, ukazibwa kwa kichuma cha moto unachokanyaga kwa mguu, ukatupwa kwenye katoni. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuhesabu moja moja. Kulikuwa na mama mmoja tuliyempa jina la Mizani. Alichota mara mbili tu, kiganja cha kwanza kimejaa, cha pili nusu, kisha akautikisa mfuko karibu na sikio. Supavaiza akiumwaga na kuhesabu, hamsini. Nilimwona akikosea siku moja, na siku hiyo alikuwa na homa.

Sasa njoo kwenye hesabu, maana mashine huja kwa hesabu. Tulikuwa tukilipwa 500 kwa siku. Mashine iliyokuja baadaye ilipunguza watu 17 kwa kila shifti. Kumi na saba mara 500 ni 8,500. Shifti mbili, siku 26, ni 442,000 kwa mwezi. Mhasibu aliwahi kuniambia kwamba kuinunua India na kuifikisha hapa kulikula zaidi ya milioni sita. Ukiangalia hapo tu, miezi kumi na minne pesa imerudi, na tungeisha zamani. Lakini peremende zina msimu. Shule zikikaribia kufunguliwa na Desemba, shifti mbili hazitoshi. Miezi mingine tuliitwa siku tatu kwa wiki. Siku ambayo hakuna oda, kibarua humgharimu mwenye kiwanda sufuri. Mkopo wa mashine unalipwa hata ikiwa imefunikwa shuka. Kwa hiyo kilichokuwa kikitulinda si bei ya mkono peke yake, ni kwamba mkono unaweza kuambiwa usije kesho. Ulinzi wa namna hiyo, jionee mwenyewe.

Ndiyo maana nikisikia watu wakisema kima cha chini cha mshahara ndicho kinacholeta mashine sikubali moja kwa moja. Kima cha kibarua wa kawaida hapa Nairobi kilipanda hadi 15,201 kwa mwezi Mei 2022, kikapanda tena asilimia 6 Novemba 2024 hadi 16,113. Mashine yetu iliwekwa Februari 2021, kabla ya nyongeza zote mbili.

Kilichoileta kilikuwa vitu viwili. Cha kwanza ni uzito. Wateja wakubwa walianza kupima mifuko, na ule wa gramu chache pungufu unarudisha katoni nzima. Wa kuzidi nao ulimuuma mwenye mali. (Na tuseme ukweli, kulikuwa na peremende zilizotoka ndani ya soksi. Kupekuliwa getini hakukuwa bure.) Cha pili ni korona. Kafyu ilipoanza tarehe 27 Machi 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, shifti ya usiku ikafa. Mchana nako, akina mama waliozoea kusimama bega kwa bega wakatakiwa kuachana mita moja na nusu. Ukumbi wa watu 24 ukawa wa watu 11. Ghafla mkono haukuwa rahisi tena, na mkubwa akapiga simu India.

Nikueleze inavyofanya kazi, maana huenda ndiyo iliyo chini ya turubai lenu. Juu kuna vibakuli kumi vimepangwa duara, kila kimoja na mizani yake. Peremende zinamwagika katikati, zinatetemeshwa hadi kwenye vibakuli, na kompyuta inatafuta ni vibakuli gani vitatu au vinne vikijumlishwa vinakaribia zaidi uzito unaotakiwa. Inafungua hivyo tu, vingine vinangoja zamu. Chini yake plastiki inatoka kwenye rola, inakunjwa kuwa bomba, inazibwa na kukatwa. Ukiitazama mara ya kwanza unaona Mizani kumi wamekaa duara bila kuongea.

Sasa sikiliza hapa. Hakuna aliyefukuzwa. Hakuna barua, hakuna mkutano, hakuna hata tangazo ukutani. Asubuhi ile fomeni alinyoosha kidole mara saba, akageuka akaingia ndani. Mizani alikuja getini wiki mbili mfululizo na kikombe chake cha chai kwenye mfuko, kisha nikaacha kumwona. Kericho, Mei 2023, watu walichoma mashine za kuchuma chai kwa sababu waliziona zikipita shambani mbele ya macho yao. Kwetu ilikuwa nyuma ya ukuta, na kila mama alidhani ni yeye tu fomeni amemchoka.

Sheria haikunyamaza. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataka mtu anayeondolewa kwa sababu kazi yake imeisha apewe notisi ya mwezi mmoja, afisa wa leba ajulishwe, na alipwe angalau siku 15 kwa kila mwaka aliofanya. Utaambiwa hiyo ni ya walioandikwa, si vibarua. Soma kifungu cha 37: kibarua akifanya siku za mfululizo zinazofikia mwezi mmoja, anahesabiwa kama wa mshahara wa mwezi. Ndiyo sababu sisi tulikuwa "tukipumzishwa" siku mbili tatu kila mwezi unapokaribia kuisha, kwa upole kabisa, kama vile wanatuhurumia.

Mimi nilibaki, na si kwa akili. Fundi aliyekuja kuifunga alihitaji mtu wa kumshikia tochi na spana, na mimi nilikuwa karibu. Wiki tatu nikajifunza kuondoa peremende iliyokwama, kubadilisha blade, kurekebisha sensa inayosoma alama ya plastiki. Leo nalipwa kwa mwezi.

Ila mashine nayo ina yake. Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea nchi nzima, hata uwanja wa ndege ukawa giza. Iliporudi kwetu ilirudi kwa kishindo, kadi ya umeme ya mashine ikaungua. Kipuri kiko India, shule zinafunguliwa, oda iko mezani. Fomeni yule yule aliteremka Mukuru kuuliza mlango kwa mlango nani anamjua Mizani. Alikuja. Alikuwa amekonda kidogo, lakini viganja viwili, mfuko sikioni, hamsini. Tulifunga kwa mkono siku kumi na moja, kadi ikafika, nikaifunga mimi mwenyewe. Sikumwambia asije kesho yake. Nilipaswa.

Siku hizi Mizani ni mama fua, anawafulia watu nguo majumbani upande wa South B. Nilimuuliza kama haogopi mashine za kufulia, maana kila fleti mpya ina moja. Akacheka. Anasema matajiri wake wawili wanazo, wamezipangia vitambaa juu. Maji ya mgao huja siku mbili kwa wiki, mashine haifui kwa maji ya mtungi, tokeni za stima nazo zinaisha haraka. Na mashine haisuguii kola, haianiki, haiulizi mtoto amekula.

Kazi za huduma mjini ziko hivyo, kila moja na fundo lake. Makanga waliambiwa mwisho wao umefika: 2013 ikaja BebaPay, kadi ya kulipia nauli, 2014 serikali ikataka nauli yote iwe ya kadi. Haikushika. Pesa taslimu za matatu zina midomo mingi njiani, na kila mdomo uliitaka jioni ile ile. Leo abiria analipa kwa M-Pesa na makanga bado ananing'inia mlangoni. Shemeji yangu anashona jinzi Athi River, kwenye kiwanda cha EPZ, yaani eneo la viwanda vya kuuza nje. Chumba cha kukatia vitambaa kimeshachukuliwa na kompyuta, lakini cherehani bado zina watu, kwa sababu kitambaa ni kitu legevu, kinajikunja, na mkono wa chuma unakipoteza. Adidas walijenga kiwanda cha roboti za viatu Ujerumani, wakakifunga 2020. Shemeji alichoogopa zaidi ni kuisha kwa AGOA, ile sheria ya Marekani ya mwaka 2000 inayoruhusu nguo zetu kuingia kwao bila ushuru, ilipofika mwisho wa muda wake Septemba 2025.

Kwa hiyo usikimbilie pikipiki ya mkopo, deni lake nalo halijui msimu. Fanya mambo mawili wiki hii. Kama mnalipwa kwa M-Pesa, chukua taarifa ya mwaka mzima uihifadhi. Huenda ndiyo kumbukumbu pekee kwamba ulikuwa pale, na ukifika ofisi ya leba utaulizwa. La pili, siku turubai likitolewa, usisimame nyuma na wengine kuitazama. Uliza fundi kama anataka maji ya kunywa.

Na ukipata nafasi, soma kibati kilichopigiliwa ubavuni mwa sanduku uniandikie kinasema nini. Kama ni ya kupima na kufunga kama yetu nitakueleza mahali inapokwama. Kama ni ya kupanga ndani ya katoni, hiyo sijawahi kuigusa.