Swali la lugha: "Rangi ya melanini" na "fangasi weusi"

Msomaji anayetafsiri kitini cha biolojia ameleta sentensi hii: "Rangi ya melanini huwakinga fangasi weusi dhidi ya mwanga, joto na dawa, wakiikosa rangi hiyo hufa." Anauliza kama aandike fangasi, kuvu au ukungu, na kama "melanini" ina neno jingine la Kiswahili.

La pili ni jepesi. Andika melanini, kama tuandikavyo vitamini na insulini, katika ngeli ya i-/zi-. Wingi wake nao una kazi: "melanini hii" ni dutu yenyewe, "melanini hizi" ni aina zake, na katika kuvu aina ziko zaidi ya moja. Ipo inayojengwa kutokana na kemikali iitwayo DHN, ambayo kuvu huitengeneza yenyewe hatua kwa hatua, na ipo inayojengwa kutokana na kemikali nyingine iitwayo DOPA na nyingine za jamii yake, ziitwazo fenoli. Cryptococcus neoformans, kuvu inayoweza kumletea mtu homa ya uti wa mgongo, hutegemea hii ya pili, tena malighafi lazima iipate kutoka nje. Ikipandwa maabara kwenye chakula kisicho na malighafi hiyo, makoloni yake hubaki meupe. Ukiongeza DOPA, hugeuka kahawia.

Kosa kubwa liko kwenye "rangi ya melanini". Neno rangi kwetu limebeba mizigo mitatu: sifa inayoonekana kwa jicho, kitu kinachopakwa ukutani, na dutu iliyomo ndani ya kiumbe inayokipa sifa hiyo. Anayesoma "rangi ya melanini hukinga" ataelewa kuwa weusi ndio ngao. Sivyo. Weusi ni alama tu. Kinachofanya kazi ni polima kubwa, yaani molekuli ndefu ya vipande vingi vilivyoungana, iliyofumwa ndani ya ukuta wa seli. Chukua seli za Cryptococcus zenye melanini, uzimeng'enye kwa vimeng'enya, kisha uzichemshe katika asidi kali ya hidrokloriki. Vingine vyote husambaratika, na kinachobaki ni maganda matupu, meusi, ya mviringo, yenye umbo la seli zilizokuwepo. Rangi ya kupakwa haifanyi hivyo. Basi andika "melanini" peke yake, na inapotajwa mara ya kwanza ongeza "dutu nyeusi au ya kahawia iliyo katika ukuta wa seli".

Ukifika mahali kitini kinapoeleza sifa zake, jihadhari na kitenzi kuyeyuka. Barafu huyeyuka kwa joto, chumvi huyeyuka majini, na kwetu ni neno lile lile. "Melanini haiyeyuki" ni sentensi nusu. Taja katika nini: haiyeyuki katika maji wala alkoholi, huyeyuka katika alikali ya moto, na ukiitia asidi hutengana tena na kutuama chini. Peroksidi ya hidrojeni nayo huifanya ichujuke. Hapo kuchujuka ndilo neno lenyewe, kwa sababu kinachotokea ni rangi kupotea kidogo kidogo, kama nguo iliyofuliwa mno.

Sasa majina. Kuvu ndilo jina la kundi zima: hamira, uyoga, ukungu wa mkate, vyote ni kuvu. Ukungu ni ile manyoya inayoota juu ya kitu, na tena ni neno la hali ya hewa, kwa hiyo kwenye kitini litavuruga. Fangasi ni neno la mtaani na la zahanati: "ana fangasi za miguuni" ni ugonjwa, "fangasi hawa" ni viumbe, na sentensi moja inaweza kuruka kutoka ngeli hadi ngeli bila mwandishi kugundua. Utasikia kuvu huu, kuvu hii na hata kuvu hili. Mimi nachagua i-/zi-, kuvu hii na kuvu hizi, na muhimu zaidi ni kutobadili katikati ya ukurasa.

"Mwanga" nao ni finyu. Miale ya urujuanimno haionekani kwa jicho, na melanini huifyonza pia, andika mionzi. Ila usivutwe na "kuvu zinazokula mionzi", usemi uliozuka kwa sababu ya kuvu nyeusi zilizokutwa ndani ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl, Ukraine, kilicholipuka 1986. Majaribio yaliyochapishwa 2007 yalionyesha kuwa baadhi ya kuvu zenye melanini zilikua haraka zaidi zilipopigwa mionzi. Kukua haraka si kula. "Zinazostahimili mionzi" ni sahihi na inatosha.

Limebaki "hufa", ambalo si kosa la lugha tu. Kuvu nyingi zikinyimwa melanini huendelea kukua vizuri tu kwenye sahani ya maabara. Tazama Magnaporthe oryzae, inayoshambulia mpunga. Huota kijitufe kilichojibandika juu ya jani, na ndani yake hujaza gliseroli inayovuta maji. Tabaka la melanini huizuia gliseroli isivuje, na msukumo hupanda hadi megapaskali 8 hivi, zaidi ya mara 30 ya ule wa tairi la gari dogo. Kwa nguvu hiyo jani hutobolewa. Bila melanini gliseroli huvuja, msukumo haupandi, na kuvu iliyo hai kabisa hubaki nje ya jani. Dawa ya traisaiklazoli hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo, kwa kukwamisha vimeng'enya vya melanini, ndiyo maana kuiita "kiuakuvu" kunapotosha. Mkulima akisoma "kuua" atasubiri hadi aone madoa ndipo apulizie, na kuvu itakuwa imeshaingia. Andika "kizuiakuvu", au useme wazi: dawa inayozuia kuvu kupenya jani.

Ningeiandika sentensi hivi: "Melanini iliyo katika ukuta wa seli huzisaidia baadhi ya kuvu kustahimili mionzi, joto na baadhi ya dawa; zikiikosa huendelea kuishi, ila huwa rahisi kudhurika."

"Baadhi" limerudiwa makusudi. Si kila kuvu ina melanini, na si kila dawa inazuiliwa nayo. Katika Cryptococcus, melanini huzinasa dawa za amphotericin B na caspofungin na kuzipunguza nguvu, lakini dawa ya flukonazoli haiathiriwi hivyo.