Nondo kwenye mtego: angalia macho kabla ya mabawa

Msimu wa kwanza nilipotundika mtego wa ndoo kwenye bustani yangu ya mahindi hapa Morogoro, kila nondo wa kijivu aliyeanguka ndani nilimwandika kiwavijeshi vamizi. Wiki moja nilihesabu 41, nikabeba bomba nikapuliza dawa. Mahindi yenyewe hayakuwa na jani hata moja lililotobolewa. Asubuhi yake nikakuta nyuki wamekufa kwenye maua ya maboga pembeni, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Chambo cha mtego ule kinaiga harufu ya nondo jike wa kiwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda, mdudu wa Amerika aliyeripotiwa Afrika mwaka 2016. Wanaokuja ni madume tu. Shida ni kwamba harufu hiyo huwavuta na wengine, hasa Leucania loreyi, ambaye alikuwa kwetu tangu zamani.

Dume vamizi ambaye hajachakaa anajulikana: ncha ya bawa la mbele ina baka jeupe, na katikati kuna alama ya yai iliyolala mshazari. Lakini akipigapiga mabawa ndooni usiku kucha, ule unga wote hupukutika, akabaki kama kipande cha karatasi ya kaki. Kwa hiyo fungua mtego alfajiri, usingoje wiki iishe. Watie kwenye kopo, uwaweke kwenye friza mpaka wafe wametulia.

Nilidhani bawa la nyuma lingenisaidia, kumbe wote wawili wanalo jeupe. Kilichonifungua macho ni macho yao. Chukua lenzi ya kukuza mara 10, mulika kwa pembeni. Jicho la Leucania lina vinyweleo vifupi vilivyosimama wima. La Spodoptera ni laini, linang'aa kama shanga. Na vinyweleo hivyo havipukutiki upesi kama unga wa mabawa. Siku niliyoanza kupima hivyo, kati ya nondo 23 walikuwa Spodoptera sita tu.

Ila jicho laini peke yake halitoshi. Kiwavijeshi wetu wa Afrika, Spodoptera exempta, naye analo. Akiwa amechakaa, andika Spodoptera, uishie hapo. Maabara hukata ncha ya tumbo, huilainisha kwa potashi na kusoma viungo vya uzazi. Sisi bustanini hatuna njia hiyo, na kubahatisha jina ni kuharibu daftari lote.

Badala yake nenda kwenye mahindi. Funua majani machanga ya katikati, tafuta kinyesi kinachofanana na unga wa mbao. Kiwavi vamizi mkubwa ana Y iliyopinduliwa usoni na madoa manne meusi, yamepangwa kama mraba, karibu na mkia. Nisipomwona huyo, bomba linabaki stoo.

Nondo nisiowajua nawahifadhi kwenye viberiti vitupu, kila kimoja na tarehe yake. Kwa sasa ninavyo 14, na nikipata mchana mtulivu nawatoa tena mmoja mmoja chini ya lenzi.