Kiduha na kuvu: mzizi unapoita, nani anaitika?

Ukiona majani ya mahindi yamejikunja kwa kiu na jana tu mvua imenyesha, usikimbilie kulaumu mbegu. Chimbua shina moja taratibu, pamoja na udongo wake, kisha lisuuze kwenye ndoo. Huku kwetu Siaya nimefanya hivyo mara nyingi, na mara nyingi nakuta vichipukizi vyeupe vimeng'ang'ania mizizi. Hicho ni kiduha, wenyewe tunakiita kayongo. Kinapochomoza na maua yake ya zambarau, kimeshanyonya kwa wiki kadhaa.

Wakulima wengi huita kila kinachodhuru mmea ugonjwa. Nakushauri uvitenganishe. Kuvu ni aina ya kiumbe. Kimelea ni yeyote anayekula kwa mwenyeji bila kumlipa. Kiduha ni mmea, tena wenye majani ya kijani, lakini ni kimelea. Kuvu wa kutu ya majani naye ni kimelea. Ila wapo kuvu wanaoingia mzizini, wakachukua sukari, na wakailipia kwa fosforasi, kirutubisho ambacho nyuzi zao hukifuata mbali, mzizi usikofika.

Sasa sikiliza jambo hili, maana mimi bado linanishangaza. Mzizi uliokosa fosforasi hutoa kemikali ziitwazo strigolaktoni. Ya kwanza ilitambuliwa mwaka 1966, ikajulikana kwa kuamsha mbegu za kiduha. Mmea ujitakie adui kwa faida gani? Mwaka 2005 watafiti wa Japani walionyesha kwamba kemikali hizo huwaita wale kuvu marafiki. Mahindi yanaita msaidizi, mwizi naye anasikia.

Kwa hiyo shamba lenye njaa ndilo linaloita sana. Tia samadi iliyooza na mbolea ya kupandia yenye fosforasi. Msimu mwingine panda soya au karanga: mizizi yake huamsha mbegu za kiduha, zikakosa pa kushika, zikafa. Kilichochomoza king'oe kabla hakijatoa maua, kwani mche mmoja huzaa maelfu ya mbegu laini kama vumbi, nazo huweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10.

Kwangu kilichosaidia kuliko vyote ni desmodiamu, mmea unaotambaa wa jamii ya kunde, katikati ya mistari na nyasi ya napier pembezoni, ile mbinu ya sukuma-vuta ya watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita. Desmodiamu husukuma nje wadudu wa mahindi na mizizi yake hukizuia kiduha, napier nayo huwavuta wadudu hao. Msimu wa kwanza vumilia, desmodiamu huchelewa kutambaa. Ipalilie kwa mkono, jembe lisiiguse, mpaka ifunike udongo.