Msisubiri mengineyo

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Je, mikutano ya serikali ya mtaa inamsaidia mwananchi wa kawaida, au imebaki desturi tu?" Nimesoma majibu mafupi ya wenzangu na wengi wanasema ni desturi tu. Mimi nasema inasaidia sana, ila msaada wake uko kwenye sehemu ya mkutano ambayo wengi wetu hatuifiki, au tunaifika huku tukichezea simu.

Naishi katika mji mdogo wa Tanzania wenye halmashauri yake ya mji. Nashona nguo sokoni. Sijawahi kuwa mjumbe wa kamati ya mtaa wala balozi wa nyumba kumi, ni mkazi tu ninayehudhuria, na nimehudhuria kwa miaka mingi.

Watu wengi wanaijua ofisi ya mtaa kwa barua. Unataka kitambulisho cha taifa, barua ya utambulisho. Unafungua akaunti benki, barua. Unamwekea ndugu dhamana polisi, barua. Msiba umeisha na familia inaanza mirathi, barua tena, pamoja na muhtasari wa kikao cha ukoo. Kwa hiyo mwananchi anaona ofisi ile ni meza, muhuri na foleni. Tangazo la mkutano linapobandikwa mlangoni, analisoma akiwa amesimama kusubiri muhuri, kisha anaenda zake.

Wanaokuja mkutanoni nao wana mtindo wao. Ajenda zetu zinafahamika: kufungua, kuthibitisha ajenda, kusoma na kuthibitisha muhtasari wa mkutano uliopita, yatokanayo, taarifa ya mapato na matumizi, taarifa za maendeleo, mengineyo, kufunga. Mkutano ukiitwa saa nne, watu wanahesabu kwamba mengineyo yatafika saa sita, basi wanatokea saa sita kasoro. Hapo ndipo uwanja unajaa na mikono inanyanyuka. Muziki wa baa unaokesha, mbwa wanaozurura, jirani aliyeelekeza maji ya paa lake kwenye ukuta wa mwenzake, vijana wanaokaa darajani usiku. Yote ni kweli na yote yanaumiza. Mwenyekiti anasikiliza, anasema "tumelipokea", anaita anayefuata. Dua inasomwa, tunatawanyika.

Nawasihi wasomaji wenzangu wajiulize kinachobaki baada ya hapo. Jambo lililosemwa kwenye mengineyo mara nyingi halina azimio. Limesikika, basi. Jambo lililoko kwenye yatokanayo lina azimio lililoandikwa mkutano uliopita, na kuna mtu anayetakiwa kusimama na kusema amelifikisha wapi. Hiyo ndiyo tofauti yote, na nimeiona ikifanya kazi kwa macho yangu.

Shule yetu ya msingi ilikuwa na watoto wanaosomea chini ya mwembe. Tukakubaliana kwenye mkutano mkuu wa mtaa tujenge darasa kwa nguvu za wananchi: kila kaya shilingi 5,000, asiyekuwa nazo asombe mchanga au abebe matofali. Nyote mnajua utaratibu wa maboma. Wananchi tunapandisha kuta, kisha tunaiomba halmashauri fedha za kuezeka na kumalizia. Kuta zikapanda hadi usawa wa lenta, kazi ikasimama. Fundi akasema saruji imekwisha. Sisi tuliochanga tulijua saruji haiwezi kuwa imekwisha.

Mkutano uliofuata, kwenye mengineyo, palikuwa na moto. Mama mmoja aliyesomba mchanga akiwa na mtoto mgongoni alisema mpaka sauti ikamkauka. Mwenyekiti akatutuliza, akaahidi kufuatilia. Mkutano mwingine ukaja, maneno yaleyale, ahadi ileile. Watu wakaanza kukata tamaa, na wengine wakaapa hawatachanga tena senti moja. Wakati huo mvua ilikuwa inabomoa kuta taratibu.

Aliyetutoa pale ni mzee mmoja, karani mstaafu. Hakusubiri mengineyo. Mtendaji wa mtaa alipomaliza kusoma muhtasari na Mwenyekiti akauliza kama tunauthibitisha, mzee akanyoosha mkono. Akasema, kwa adabu kabisa, "Mheshimiwa Mwenyekiti, muhtasari huu mimi siwezi kuuthibitisha. Suala la saruji lilisemwa hapa na nusu ya uwanja, na kwenye muhtasari halimo." Akaomba liingizwe, tena akalitaja kipande kwa kipande: mifuko iliyonunuliwa, iliyotumika, iliyobaki, anayetunza ufunguo wa stoo, na taarifa iletwe lini. Uwanja ukaunga mkono. Mtendaji akaandika.

Mkutano uliofuata jambo lile lilikuwa kwenye yatokanayo, likiwa na namba yake na cheo cha anayejibu. Haikuhitajika mtu kupaza sauti. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi akasimama na karatasi, akaeleza kwamba sehemu ya saruji iliazimwa kwenye ujenzi mwingine bila kikao kuarifiwa. Ilirudishwa. Lenta ikamwagwa zege, na boma letu likaingia kwenye maombi ya kata.

Sisemi mtendaji alikusudia kuficha. Mtendaji wa mtaa ni mtu mmoja mwenye kazi za watu watatu, anaandika huku anaitwa nje kusaini barua, na anachoandika ni kile alichosikia kikitamkwa kama uamuzi. Kelele zetu hazikuwa uamuzi. Mwenyekiti naye, watu wasisahau, hana mshahara. Anaishi kwa posho ndogo na shughuli zake, na tunamgongea mlango usiku wa manane mtu akiumwa au wezi wakiingia. Nawaheshimu wote wawili. Ila heshima haizuii kuuliza ufunguo wa stoo uko wapi.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui, nalo linaumiza kuliko saruji: kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Wengi tunakumbuka bajeti mwezi Juni, tunapomsikia Waziri wa Fedha redioni. Wakati huo mambo ya mtaa yameshapita zamani. Vipaumbele huanza kuibuliwa mitaani miezi ya mwisho ya mwaka uliotangulia, vinapelekwa Kamati ya Maendeleo ya Kata ambako Diwani ndiye mwenyekiti na wenyeviti wetu wa mitaa ni wajumbe, kisha vinaingia kwenye kamati za halmashauri na Baraza la Madiwani, halafu mkoani, TAMISEMI (wizara inayosimamia mikoa na serikali za mitaa), na mwishowe Bungeni. Mtu anayesimama mwezi Mei kudai kisima kiingie kwenye bajeti anaongea na mlango uliofungwa miezi mitano nyuma. Mkutano wa Novemba wenye watu thelathini ndio uliochagua kwa niaba ya mtaa mzima, na kama wale thelathini walitaka kizimba cha taka, kizimba ndicho kitakachopanda juu.

Ndiyo maana nasikitika ninapoona uwanja mtupu mwezi huo. Mimi ningetangaza mkutano wa vipaumbele kwa kipaza sauti cha gari, msikitini na kanisani, kuliko mkutano mwingine wowote wa mwaka.

Tujue pia kipi hakiko mikononi mwa mtaa, maana hasira nyingi zinapotea kwa kumpiga mtu asiyehusika. Barabara za mitaa zinahudumiwa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Kodi ya majengo tunakatwa kwenye umeme tangu 2021. Baraza la kata ambalo zamani lilikuwa likiamua kesi za mashamba, tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 kazi yake katika migogoro ya ardhi ni kusuluhisha tu. Mwenyekiti anaweza kuandika, kusukuma, kuambatana na wananchi kwenda ofisi inayohusika. Hawezi kuleta greda. Ukimbana kwa greda anakupa maneno, ukimbana kwa barua aliyotakiwa kuiandika greda liombwe, hapo analo jibu au hana.

Na bado mtaa una mambo yake mazito. Mpango wa kaya maskini wa TASAF, ule mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, majina yanajadiliwa kwenye mkutano wa hadhara. Bibi asiyeweza kutembea hawezi kuja kujitetea, jirani yake ndiye anayepaswa kuwepo kusema "huyu mmemsahau". Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilisitishwa 2023 ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya, na safari ya kikundi huanzia kwa viongozi wa mtaa na kata wanaokijua. Ulinzi shirikishi, uzoaji taka, mipaka ya viwanja, mashahidi wa mauziano. Kwenye mauziano, ile asilimia 10 ya bei ambayo imezoeleka kudaiwa sehemu nyingi ningeomba itajwe wazi mkutanoni, isomwe kwenye mapato kama ipo, na kama haisomeki basi isidaiwe.

Kwa vijana wanaosema haya yote ni mapambo, nawaomba wawaulize wazee. Kuanzia mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa na shughuli zikahamishiwa kwa maofisa wa serikali mikoani na wilayani. Miji ilizorota kiasi kwamba mabaraza ya miji yalirudishwa 1978, hata kabla ya yale ya wilaya ambayo yalisubiri sheria za 1982 na kuanza tena 1984. Nchi imejaribu kuishi bila vikao hivi. Sasa vimo hadi kwenye Katiba, ibara ya 145 na 146, na ibara ya 146 inasema madhumuni yake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Sheria inaweka hata milango wazi: vikao vya Baraza la Madiwani viko wazi kwa wananchi kusikiliza. Nimewahi kukaa kwenye viti vya nyuma vya ukumbi, tulikuwa wasikilizaji wachache mno, na Diwani wetu aliponiona alisimama kuuliza swali la soko ambalo tulikuwa tumemwomba aulize. Siwezi kuapa kwamba aliuliza kwa sababu yangu. Naamini uwepo wa mpiga kura ukumbini haudhuru kitu.

Kuhusu mahudhurio, nina neno moja na viongozi. Saa nne asubuhi ya siku ya kazi si saa ya mama lishe, wala ya bodaboda, wala ya mwalimu. Kwa miaka mikutano yetu ilikuwa saa hiyo, na uwanja ulikuwa wa wastaafu na watu wa karibu na ofisi. Tuliomba ihamishwe Jumapili saa kumi jioni. Wanawake waliongezeka waziwazi, na ajenda zikabadilika kwa sababu wao ndio wanaochota maji na kupeleka watoto zahanati. Suala la choo cha wanawake sokoni lilikuwa halijawahi kufika kwenye maandishi mpaka mikutano ilipohamishwa jioni. Sheria ya vijiji inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae angalau kila miezi mitatu. Kukaa kila robo mwaka kwa saa ambayo watu hawawezi kufika ni kutimiza karatasi.

Tangu suala la saruji, mtaa wetu una mazoea ambayo ningependa yaenee. Kila azimio linaandikwa na cheo cha mhusika na tarehe. Neno "kufuatilia" peke yake halikubaliwi, mtu akilitamka, uwanja mzima unauliza "lini?" na anayesoma muhtasari anasubiri jibu kabla ya kuendelea. Taarifa ya mapato na matumizi inabandikwa ubaoni siku chache kabla ya mkutano, mtu aisome akisubiri barua yake, aje na swali lililopikwa. Hapo mwanzo ilisomwa kwa kasi na tarakimu zilitupita masikioni. Sasa kuna wanaozinakili kwenye daftari na kuzilinganisha na za robo iliyopita. Vijana wanapiga picha karatasi ile na kuisambaza kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, jambo ambalo limewaleta mkutanoni watu ambao sikutegemea kuwaona.

Kinachotusumbua hadi leo ni michango ya ulinzi shirikishi. Walinzi wanapita nyumba kwa nyumba jioni, wanapewa fedha taslimu, stakabadhi wakati mwingine zipo na wakati mwingine daftari tu. Mkutano ujao tumeliweka kwenye yatokanayo, na mtendaji ameagizwa kuleta jumla ya vitabu vya stakabadhi vilivyotolewa na vilivyorudishwa. Kama kuna msomaji ambaye mtaa wake umepata njia ya kukusanya fedha hizi bila walinzi kushika noti, naomba aandike wiki ijayo namna walivyofanya, na nani anazihesabu.